Mtu Afe Mara Moja

Akureyri, 4 Septemba

Ndugu wasomaji, makomredi zangu, ninyi mliozoea kugombana kila asubuhi chini ya habari za gazeti la Varðan juu ya barabara, kondoo na meya, na ambao tangu mlipofungiwa uwanja wa maoni mnagombana na kuta za jikoni: nawasalimu kwa salamu ya watu waliofukuzwa nyumba moja. Mmenipa kazi ya kuandika shajara ya muhula huu wa mapambano ili isomwe katika mikutano yetu, asije mtu kesho akadai kwamba hatukujua. Nimeipokea. Siku isiyo na jambo nitaipa mstari, na siku yenye jambo nitaipa haki yake.

Iandikwe kwanza kwamba Varðan lilikuwa letu. Halikuwahi kuwa na karatasi. Lilizaliwa mtandaoni, likapewa jina la lile rundo la mawe ambalo wazee wetu walilijenga nyikani ili msafiri aliyepofushwa na theluji aguse jiwe na kujua njia iliko. Iandikwe pia kwamba mwezi Juni liliuzwa kwa Ísgnúpur, kampuni ya Reykjavík ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa ikimiliki maegesho ya magari. Falsafa ya waungwana hawa ni moja: mahali palipo wazi ni mahali palipopotea. Walianza kwa kufunga maoni. Wakafuatia kwa kuwafukuza waandishi, wakambakiza mhariri mmoja, Steinvör. Kisha matangazo yakaanza kupiga kelele yenyewe. Nimeona kwa macho yangu godoro likirukaruka katikati ya taazia ya mtu aliyezama.

Na taazia ndizo roho ya jambo hili. Kwetu mtu akifa, waliomjua huandika: mjane, jirani, mwenzake wa kiwandani, mtoto aliyefundishwa naye kuogelea. Maneno hayo hutolewa siku ya maziko, na kaskazini yote husoma kabla ya kwenda kanisani. Tangu Varðan lianze, wafu wetu wote wamo humo, na walioandika ni sisi, bila ujira na bila kuombwa. Gazeti wanaweza kusema wamelinunua. Wafu hawakuwa wa kuuzwa.

7 Septemba

Mvua. Kondoo wanashushwa kutoka milimani. Hakuna jambo.

12 Septemba

Sina budi kumtaja bibi yangu, Salbjörg. Si kwamba mambo ya nyumbani kwangu ni mambo ya umma, bali adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na katika habari hii maiti ni wangu.

Bibi ndiye aliyenilea. Sasa anaishi katika nyumba ya wazee pale juu ya mteremko, na kumbukumbu zake zinamtoka kama uzi unaofumuka. Hajui kama amekunywa chai. Hata hivyo kila asubuhi huletewa kahawa na kishikwambi, akasoma waliokufa leo, kisha akafungua taazia aliyoiandika yeye mwenyewe kwa ajili ya mwanawe, baba yangu, Torfi, wa kikosi cha uokoaji, aliyefukiwa na maporomoko ya theluji akiwatafuta wageni wawili mlimani. Mimi nilikuwa sijaanza kusema sawasawa. Wenzangu wana baba wa nyama na damu, au wana kaburi na kumbukumbu. Mimi baba yangu ni taazia tisa.

Ile ya Bibi ndiyo fupi kuliko zote. Inasema kwamba Torfi alikuwa na tabia ya kusimama kizingitini akipiga mluzi huku akifungua kamba za buti, mlango uko wazi nyuma yake, theluji ikiingia hadi kwenye sahani, na mama yake akimfokea kutoka jikoni. Inamalizia hivi: "Mlango nimeufunga, Torfi. Baridi ilikuwa inaingia."

Akifika hapo Bibi husema, "Ndiyo," huweka kishikwambi chini, na kuomba maziwa ya kahawa. Kila siku. Mwanamke asiyekumbuka jana anaambiwa na mkono wake mwenyewe kwamba msiba ulikwisha.

19 Septemba

Jioni tulikuwa katika bwawa la maji moto, ambako siasa zote za mji huu hupikwa. Kormákur, mwenzangu wa chuo, mtoto wa mfugaji ambaye ulimi wake hauna breki, alikuwa amezama mpaka kidevuni.

"We Eydís, jana nasoma taazia ya mjomba. Nimefika pale pale boti inapopinduka, tangazo linaniuliza, 'Je, unalala vizuri?'"

"Ukajibu nini?" akauliza mama mmoja mwenye kofia ya sufi.

"Nikajibu, mjomba analala vizuri kuliko nyote mlioko Reykjavík."

Tulicheka hadi maji yakatikisika. Kisha mvuke ukatufunika nyuso.

26 Septemba

Nilikuwa darasani, tukijadili uhuru wa habari kana kwamba ni kitu cha kwenye vitabu, muuguzi akapiga simu.

"Eydís, njoo. Bibi yako analia msiba, na sisi hatumjui aliyekufa."

Nilimkuta amevaa gauni jeusi, vifungo vimepishana. Akanitazama kwa huruma kubwa.

"Mbona umechelewa, mwanangu? Baba yako amekufa."

"Bibi, baba alikufa zamani."

"Zamani gani? Imeandikwa leo. Hebu tazama. Huko chuoni wanakufundisha nini kama hata kusoma hujui?"

Nikatazama. Juu ya taazia ya baba yangu palikuwa na tarehe ya leo na neno "Mpya" katika rangi nyekundu. Bibi akanivuta kifuani mwake, akanipapasa kichwa kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. "Lia," akasema. "Hata hujalia bado, maskini wewe." Nami, mwenye hotuba kwa kila jukwaa, nikalia kwa ajili ya kifo cha zamani kilichotokea asubuhi hiyo.

Jioni alikuwa amesahau. Nikadhani limepita.

27 Septemba

Amekufa tena.

28 Septemba

Tena.

1 Oktoba

Kormákur amechunguza namna mashine yao inavyofanya kazi, na alichokipata ni hiki. Imefundishwa kutafuta makala ya zamani inayofunguliwa mara kwa mara, kuipa tarehe mpya na kuirudisha mbele ili isomwe zaidi. Na nani anaifungua taazia ya Torfi kila siku bila kukosa? Mama yake. Kwa kuwa anaifungua, mashine inaona inapendwa. Kwa kuwa inapendwa, inaifufua. Kwa kuwa imefufuliwa, mama anafiwa upya. Mapenzi ya mzazi yamefanywa kamba ya kuvutia maiti.

Mtu wa Egilsstaðir aliyesoma na baba alinipigia simu kunipa pole. Nilimshukuru.

3 Oktoba

Mliniambia mkutanoni: si umnyang'anye kishikwambi? Nilimnyang'anya. Aliketi mikono mitupu, akitazama mlangoni.

"Nani amekufa leo?"

"Hakuna, Bibi."

"Siku haipiti bila mtu. Mnanificha. Ni Torfi?"

Nilimrudishia.

10 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwa Steinvör, juu ya duka la mikate. Meza za waandishi bado zipo, na juu ya kila meza kikombe kilichoachwa. Yeye alikuwa peke yake mwishoni mwa chumba, amevaa koti ndani ya nyumba.

"Keti."

"Nitasimama."

"Simama basi, miguu ni yako. Ila umeingia na viatu."

Nikatazama nyuma. Matope yangu yalikuwa yamenifuata tangu ngazini. Sikuvua.

"Badilisha ile tarehe," nikasema.

"Nimeibadilisha asubuhi. Itarudi."

"Izime mashine."

"Kitufe kiko Reykjavík, Eydís."

"Basi ondoka! Unakalia kiti cha nini? Unawapa uso wa kibinadamu watu wasio na uso!"

"Nikiondoka, atakayebaki humu ni nani?"

"Hivyo ndivyo kila kibaraka husema."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, polepole mno. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Anaanza kusema akiwa bado na buti." Nikampa mgongo. Najua aliandika mojawapo ya zile taazia tisa, na hilo lilinichoma zaidi: aliyemwandika ndiye anayemuuza.

17 Oktoba

Theluji ya kwanza. Bibi analia asubuhi, anasahau mchana. Nimeanza kuogopa saa za asubuhi.

24 Oktoba

Tulifanya mkutano wa kupinga chini ya kanisa, na uwanja ulijaa. Walikuja wafugaji, wauguzi, walimu, wavuvi na mchungaji wetu wa kanisa. Walikuja hata wale wawili ambao wamekuwa wakitukanana kwenye maoni ya Varðan tangu nilipokuwa shule ya msingi, wakasimama chini ya mwavuli mmoja. Nilipanda ngazi za kanisa nikasema:

"Wanatuambia wamenunua maudhui. Maudhui! Mama anapomwandikia mwanawe kwaheri, hayo ni maudhui? Wametunyang'anya sauti, tukasema basi. Wamewafukuza waandishi wetu, tukanung'unika. Sasa wanawachimbua wafu wetu na kuwapeleka sokoni, na sisi tunasema: hapa ndipo! Tajiri anaweza kufa akiwa na nyumba kumi, na maskini akafa bila hata moja, lakini haki hii ni ya wote: mtu afe mara moja!"

"Mtu afe mara moja!" wakaitika, na milima ikaturudishia.

Nilimtaja pia Steinvör. Nilimwita mlinzi wa makaburi anayewauzia funguo wezi. Makofi yalikuwa mengi. Kule chini, kwenye taa za barabarani, ambazo mjini kwetu nyekundu yake ina umbo la moyo, moyo mwekundu uliwaka, ukazima, na gari moja likaondoka taratibu. Nadhani lilikuwa lake.

2 Novemba

Ushindi! Ísgnúpur wamesalimu amri. Tarehe zote zimerudishwa. Meneja wao, Hlynur, ametoa tamko: "Tumewasikia wasomaji wetu. Sehemu ya taazia sasa itaboreshwa kwa ajili yenu." Tumekula maandazi ya kusokota na kunywa kahawa hadi mikono ikacheza.

"Kuboresha nini?" akauliza Kormákur, kidole chake kikiwa bado kwenye sentensi ya pili.

"Kormákur, acha watu wafurahi."

"Nimeuliza tu. Mlango wa nyumba yangu sijaomba uboreshwe."

9 Novemba

Ndugu zangu, wamempa meno.

Katika picha ya zamani baba yangu amefumba mdomo nusu, akificha jino la mbele lililokatika. Asubuhi hii anacheka. Meno yote, meupe, yamepangwa. Mashine imeona picha yenye ukungu ikaisafisha, imeona mdomo wa huzuni ikaufurahisha. Na maneno ya Bibi, yale mafupi, yamekuwa haya: "Torfi alikuwa mtu mchangamfu aliyependa muziki na mazingira ya asili. Ataendelea kuishi katika mioyo ya wengi." Mluzi umekuwa muziki. Theluji kwenye sahani imekuwa mazingira ya asili. Mlango haupo.

Nilikuwa nimeketi kando yake alipoifungua. Alisoma, akarudia, akaisogeza mbali na macho.

"Nani huyu?"

"Baba, Bibi. Torfi."

"Torfi alikatika jino akifungua chupa. Huyu ana meno kama kinanda." Akaigusa picha kwa ukucha. "Kwa hiyo aliyekufa ni huyu. Maskini mama yake."

Hakulia. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakulia, na nilianza kushukuru kimoyomoyo. Ndipo alipogeuka akatazama dirishani, ambako theluji ilikuwa ikianguka kwa mshazari.

"Basi Torfi yuko wapi?"

11 Novemba

Wauguzi wanasema anaomba sahani mbili. Usiku huacha mlango wa chumba wazi, na wakiufunga huamka. "Acheni wazi. Hana ufunguo."

13 Novemba

Nimejaribu kuiandika upya taazia yake kwa kichwa, kisha zile nane nyingine. Mnanijua, najivunia kukariri. Nimeshindwa. Kila nikimwita baba yangu anakuja akicheka kwa yale meno. Je, wimbo aliokuwa akiupiga kwa mluzi ulikuwa katika taazia ya Steinvör, au ni mashine iliyouweka jana? Nilimpenda mtu wa maneno, na sasa maneno yananitazama kama wageni waliovaa nguo za jamaa zangu.

Niliwauliza wengi wenu: nani ana nakala? Hakuna. Kila mmoja aliandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa Varðan, akabonyeza, akaenda kulia. Sisi, taifa lililohifadhi hadithi zake kwenye ngozi za ndama kwa karne nane, tuliozificha chini ya vitanda wakati wa njaa badala ya kuzichemsha tukazila, hatukuhifadhi hata nakala moja ya maneno ya mama zetu. Tulidhani kilichoandikwa kimekwisha kuokoka.

17 Novemba

Nitaiandika siku hii yote.

Dhoruba ilianza adhuhuri. Saa nane muuguzi akanipigia: Salbjörg hayupo. Koti lake lipo, viatu vyake vipo, mlango wa nyuma uko wazi na theluji imeingia hadi kwenye ukumbi. Nilikimbia nikiwa nimekamata uzio kwa mkono, kwa maana upepo ulikuwa ukinisukuma kama mtu mwenye chuki. Nilipiga kelele "Bibi!" na sauti ikarudishwa kinywani mwangu. Nilifikiri jambo moja tu: huyu naye nitamsoma.

Simu ililia mfukoni. Ilikuwa namba ya kikosi cha uokoaji. Nilijua wanapiga kuniuliza alivaa nini.

"Eydís," sauti ikasema, "njoo kituoni. Bibi yako yuko hapa, anatutukana."

Hakuwa amepotea. Alikuwa ameshuka mteremko katika ndara za sufi, moja kwa moja, kama mtu anayejua aendako, mpaka kwenye jengo la kikosi. Nilipofika alikuwa amesimama katikati ya magari makubwa, nywele zimeganda, na vijana wenye makoti ya rangi ya chungwa wamemzunguka na blanketi wasithubutu kumgusa.

"Mnacheza karata!" alikuwa akiwaambia. "Mwanangu yuko nje tangu asubuhi, na ninyi mnacheza karata na kunywa kahawa! Torfi angekuwa amekwisha kuondoka kuwatafuta ninyi. Kila mmoja wenu!"

"Mama, tulia kwanza upate joto…"

"Mama yako mwenyewe ndiye atulie!"

Ndipo akatoka Hafliði, mkuu wao, mzee mwenye mabega kama mlango wa zizi, aliyekuwa mlimani siku ya yale maporomoko. Alipiga magoti kwenye saruji, akaanza kumvua zile ndara zilizolowa.

"Salbjörg," akasema akiwa ameinamia miguu yake. "Torfi tulimleta nyumbani."

"Mliyemleta siye. Nimeiona picha. Ana meno."

"Niliyemchimbua mimi alikuwa na jino limekatika. Hili hapa la mbele."

"La chupa."

Hafliði akaiweka ndara moja kando. Upepo ulikuwa ukiligonga lile lango la chuma.

"Haikuwa chupa," akasema. "Nilimpiga mimi, na mpini wa koleo, tukiwa watoto. Nilikuwa nageuka, sikumwona. Akasema, usimwambie mama, nitasema ni chupa."

Bibi alimtazama, na nikaona kitu kikirudi usoni mwake kama mtu anayepanda ngazi kutoka chini ya nyumba.

"Hafliði, wewe mtoto mbaya! Na mimi nilimchapa kwa ajili ya ile chupa."

"Najua. Nilikuwa nje ya dirisha."

"Hakukutaja."

"Hakunitaja."

Akaketi kwenye kreti. Akakubali blanketi. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, sauti ya mwanamke kijana: "Alikuwa na baridi?"

"Hapana. Midomo yake ilikuwa imekaa hivi," Hafliði akaonyesha, "kama anataka kupiga mluzi."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha, bila kishikwambi, bila kusomewa, mwanamke asiyekumbuka chai ya asubuhi akasema, "Mlango nimeufunga, Torfi. Baridi ilikuwa inaingia." Akavuta pumzi. "Ndiyo."

Akaomba kahawa yenye maziwa. Akauliza ni mpumbavu gani aliyeacha lango wazi.

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi juu ya ukweli wa habari. Lile jino halikuwa katika taazia yoyote kati ya zile tisa.

20 Novemba

Mtu alibisha hodi. Nilifungua, nikamkuta Steinvör ameshika viatu mkononi.

"Nimesikia habari za bibi yako," akasema. "Ile sentensi ya mlango, nimekuwa nikiirudisha. Naipachika mwishoni, mashine inaiondoa kila usiku. Inasema haihusiani na mada."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoanza. Si ya kwako tu. Nilizirudisha nilizoweza, za watu niliowajua."

"Hukuniambia."

"Hukukaa."

Nikamkaribisha. Alikaa. Zile tarehe ambazo mwanzoni mwa mwezi huu tulizishangilia kama ushindi wa uwanjani, kumbe ni yeye aliyekwenda Reykjavík kuzigombania. Nilimtazama akinywa kahawa, mikono yake imepasuka kwa baridi ya ile ofisi isiyowashwa moto, nikaona kwamba nilipigiwa makofi kwa kumtukana adui ambaye sikuwa nimemchagua vizuri.

27 Novemba

Hlynur alikuja kutoka Reykjavík kukutana nasi. Kijana mpole, anatabasamu kama ile picha.

"Niwaambie kitu cha kuwatia moyo," akasema. "Tangu mlalamike, sehemu ya taazia inafunguliwa kuliko sehemu zote. Hasira yenu inasomwa sana. Tunaipenda."

Kormákur akamwuliza, "Kaka, mama yako yu hai?"

"Yu hai, asante."

"Mwambie asije akafia kwenye gazeti lako."

Lakini jibu tumekwisha kulipata. Kila tulipofungua ukurasa kuonyeshana uovu, tuliulisha. Kila mmoja wenu aliyempelekea mwenzake ile picha ya meno alilipa kodi. Basi tumeamua mgomo wa macho: asifungue mtu. Si kwa hasira, si kwa udadisi, si kwa huzuni. Kufa kufaana, lakini si kwa macho yetu.

4 Desemba

Giza. Jua haliupandi tena mlima. Mgomo umeshikwa, hata wale wawili wa mwavuli hawajafungua. Kwenye bwawa la maji moto watu wanasimuliana wafu wao kwa mdomo.

11 Desemba

Steinvör aliambiwa asubuhi katika kikao. Adhuhuri jambo lilikuwa limekwisha kufanyika.

Wameifuta sehemu yote ya taazia. "Kwa kukosa wasomaji." Wafu wote wa kaskazini, tangu siku ya kwanza ya Varðan, pamoja na meno yao ya uongo na maneno machache ya kweli aliyokuwa akiyarudisha Steinvör. Aliomba apewe nakala kwanza. Akaambiwa nakala ni mali ya kampuni, na kampuni haioni haja nayo. Ameacha kazi. Ametembea kwa miguu mpaka kwangu kunieleza, na safari hii mimi ndiye niliyemvua koti.

"Tumeshinda?" Kormákur akaniuliza kwenye simu.

Tulitaka wasichimbuliwe, sasa hawana kaburi.

14 Desemba

Bibi ameomba sahani mbili leo. Hafliði alipita akitoka kazini, akaketi, akamsimulia habari ya jino. Bibi akamgombeza upya kwa hasira mpya kabisa. Kisha akasema ile sentensi, akasema "Ndiyo," na sahani moja ikaondolewa. Itabidi asimuliwe tena kesho, na keshokutwa. Wameshajitolea watu kumi na moja kupokezana. Mmoja wao ni Steinvör.

18 Desemba

Huu ndio ukurasa wa mwisho wa muhula, makomredi, na ninawaandikia bila nyaraka mkononi. Simjui tena baba yangu kwa maandishi. Ninalo jino, na mpini wa koleo, na mtoto aliyekubali kuchapwa asimtaje rafiki yake. Hayo sikuyasoma popote. Nilisimama karibu na aliyeyasema. Ísgnúpur wamebaki na jina la rundo la mawe. Mawe ni sisi, na mawe yakitawanywa hubebwa moja moja mikononi.

Kwa hiyo tunakutana Jumapili hii, tarehe 21, siku fupi kuliko zote, katika jengo la kikosi cha uokoaji, magari yatakuwa yametolewa nje. Leteni visu na mikate myembamba ya Krismasi tuichonge nakshi, kama kila mwaka, tukisikiliza. Kila mtu aje na wafu wake kichwani, hata kama ni sentensi moja tu aliyobaki nayo, aiseme kwa sauti, na anayejua zaidi aongezee. Steinvör ataandika, safari hii kwa wino. Bibi Salbjörg ataketi mbele. Akisema "huyu siye", msikasirike, anzeni upya. Vueni viatu. Tunaanza saa tisa alasiri, jua likiwa limekwisha kuzama, na mlango utafungwa saa tisa hiyo hiyo, kwa sababu baridi inaingia.